Kidonge cha presha kinafanya nini kwenye moyo wenye QT ndefu?

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 13. Amezimia mara tatu, zote akiwa michezoni, na mara ya mwisho alikuwa akiogelea baharini. Wenzake wasingemvuta angezama. Mwanzoni tuliambiwa ni kifafa, akaanzishiwa vidonge. Sasa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha QT ndefu, tukaambiwa ni ugonjwa wa mapigo ya moyo wa kurithi, na amepewa propranololi, vidonge vilevile alivyokuwa akimeza marehemu mama yangu kwa ajili ya presha. Ni miezi minne sasa hajazimia, lakini ECG ya juzi bado inaonyesha QT ileile. Je, dawa inafanya kazi kweli? Shemeji yangu ana tatizo la mapigo ya moyo na anatumia amiodaroni. Anasema hiyo ndiyo dawa kali ya mapigo, tuombe tubadilishiwe. Na mdogo wake binti yangu, wa kiume wa miaka 9, ambaye haumwi kitu, naye apimwe? Mama, Tanga.

Jibu: Mama, poleni kwa yote mliyopitia. Naanza na la haraka: msibadilishe dawa, na kidonge cha shemeji kisiingie kabisa kinywani mwa binti yako. Amiodaroni inaweza kuwa dawa sahihi kabisa kwa shemeji, na kwa binti ikawa hatari. Suala hapa halihusu ukali wa dawa. Magonjwa ya mapigo ya kurithi yako mengi, kila moja lina hitilafu yake ndani ya seli za moyo, na dawa inayomwokoa mgonjwa mmoja huweza kumuua mwingine mwenye ugonjwa wa jina linalokaribiana. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu mama anayeelewa jambo hili huzuia makosa ambayo hata sisi madaktari huyafanya tukiwa na haraka.

Kila pigo la moyo huanza na umeme. Seli ya msuli wa moyo imezungushiwa utando, na kwenye utando huo kuna malango madogo ya protini: mengine hupitisha sodiamu, mengine kalsiamu, mengine potasiamu. Seli ikipumzika, ndani yake huwa hasi kuliko nje kwa takribani milivolti 90. Pigo likifika, malango ya sodiamu hufunguka kwa milisekunde moja au mbili, sodiamu ikamiminika ndani na hali ikageuka kuwa chanya. Kisha huingia kalsiamu, na hiyo ndiyo inayouamuru msuli ujikunje usukume damu. Mwisho ni zamu ya potasiamu: inatoka nje, na seli inarudi ilipokuwa, tayari kwa pigo lijalo. Katika vyumba vya chini vya moyo shughuli hiyo yote huchukua kati ya robo na theluthi ya sekunde.

Kwenye karatasi ya ECG, muda wa kuanzia umeme kuingia katika vyumba hivyo hadi seli zote kurudi katika utulivu ndio tunaouita QT. Kwa kuwa muda huo hufupika moyo unapokwenda mbio, tunaurekebisha kwa kanuni, na iliyozoeleka zaidi ni ya Bazett ya mwaka 1920. Matokeo yake huandikwa QTc. QTc ikifika milisekunde 480 au zaidi kwenye vipimo vya kurudiwa, bila dawa au sababu nyingine ya kuirefusha, tunakubali kuwa ni ugonjwa hata kama mtu hajawahi kuzimia. Ikizidi 500, wasiwasi wetu huongezeka. Muulize daktari wa binti yako namba yake ni ngapi, uiandike kwenye daftari lake la kliniki. Ni namba muhimu kuliko ile ya presha.

Sasa, QT kuwa ndefu kuna ubaya gani? Fikiria kivuko cha Kigamboni asubuhi. Abiria wa safari iliyopita hawajamaliza kushuka, na wa safari inayofuata wanaanza kupanda. Seli inayochelewa kumaliza pigo lake iko katika hali hiyo: baadhi ya malango ya kalsiamu hufunguka tena kabla ya wakati, umeme wa ziada ukazuka, na pigo la pili likaanza juu ya lile ambalo halijaisha. Likitokea katika sehemu inayofaa ya msuli, hufuatwa na mapigo ya kasi ya vyumba vya chini ambayo kwenye ECG mistari yake hujisokota. Daktari Mfaransa Dessertenne aliyaeleza mwaka 1966. Kwa kasi hiyo moyo hausukumi damu ya maana, ubongo hukosa oksijeni, mtoto huanguka, pengine akatingishika mikono na miguu. Mara nyingi mapigo hayo hujizima yenyewe baada ya sekunde kadhaa na mtoto akaamka. Yasipojizima, hugeuka kuwa mtetemeko usio na mpangilio, na hapo zimebaki dakika chache tu.

Huko kutingishika ndiko kunakowapeleka watoto wengi kwenye matibabu ya kifafa. Siwalaumu waliomwona binti yako kwanza. Tukio hilo likisimuliwa mlangoni mwa zahanati hufanana na kifafa kabisa. Mimi husisitiza kwa wauguzi wangu: mtoto yeyote anayeanguka akiwa anakimbia, anaogelea au ameshtuka afanyiwe ECG kabla ya kuandikiwa dawa ya kifafa. Ni kipimo cha dakika chache na bei yake si ya kutisha. Kama binti yako bado anameza vile vidonge vya kwanza, usivikatishe kwa uamuzi wako. Vipeleke kwa daktari wa moyo na wa mishipa ya fahamu waviangalie pamoja.

Hadithi yako ina jambo linalonielekeza zaidi ya kipimo chenyewe: maji. Miaka ya 1995 na 1996 watafiti waligundua jeni tatu kubwa zinazosababisha QT ndefu, na tangu hapo tunazungumzia aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, ingawa zipo nyingine adimu. Aina ya kwanza hutokana na jeni iitwayo KCNQ1, nayo humwangusha mtu akiwa katika mazoezi, hasa kuogelea. Ya pili, ya jeni ya KCNH2, hupenda mshtuko wa ghafla: kengele ya saa, simu inayolia usiku, mtu anayepiga kelele mgongoni, na kwa wanawake, miezi ya baada ya kujifungua. Ya tatu, ya jeni ya SCN5A, mara nyingi huja mtu akiwa amelala au amepumzika. Siwezi kumpa binti yako aina kwa kusoma barua, lakini mtoto aliyeanguka mara tatu akiwa michezoni, mojawapo majini, naweka dau langu kwenye aina ya kwanza.

Ukiifahamu aina ya kwanza, propranololi inajieleza. Mtu akikimbia au akiogopa, mwili humwaga adrenalini na moyo hupiga haraka. Mapigo yakienda mbio, kila pigo lazima liishe mapema zaidi. Moyo wenye afya una lango maalumu la potasiamu linaloongeza kazi pale tu adrenalini inapofika, ili kumaliza pigo upesi, na lango hilo ndilo lililo dhaifu kwa wenye aina ya kwanza. Wakiwa wamekaa, malango mengine ya potasiamu hubeba mzigo na pengine QT ikaonekana karibu na kawaida. Wakianza kukimbia, adrenalini huongeza kalsiamu inayoingia na kuharakisha mapigo, lakini lango la kutolea potasiamu haliitikii wito. Kwa hiyo wanaanguka uwanjani au majini, na si mezani wakila.

Propranololi ni ya kundi la beta bloka. Hukalia vipokezi vya adrenalini kwenye seli za moyo, adrenalini ikija haikuti pa kushika. Kwa mama yako, jambo hilo lilipunguza nguvu na kasi ya moyo na hivyo presha ikashuka. Kwa binti yako presha haikuwa tatizo. Kinachotafutwa ni kuondoa kichocheo: moyo usisukumwe hadi mahali ambapo lango lake bovu linahitajika. Lango lenyewe halitengenezwi na kidonge. Bado ni bovu, jeni ni ileile, na akiwa amelala kitandani anapimwa ECG, QT yake itasoma karibu vilevile.

Hivyo basi, ECG iliyobaki ileile haimaanishi dawa imeshindwa. Tukitaka kujua kama dawa inamtosha, tunampandisha kwenye mashine ya kukimbilia huku tukimpima. Moyo wa mtoto aliyepewa dozi ya kutosha hautafika kasi ya wenzake hata akijitahidi. Kipimo hicho kina faida ya pili: katika dakika za mapumziko baada ya kukimbia, QTc ya wenye aina ya kwanza hubaki ndefu pale ambapo ya wengine imeshafupika, na hilo hutusaidia kutambua aina kabla ya majibu ya jeni.

Beta bloka nazo hazilingani. Kwa QT ndefu tunapendelea propranololi na nadololi. Metoprololi, atenololi na bisoprololi ni dawa nzuri kwa magonjwa mengine ya moyo, ila hapa hatuzitegemei kwa imani hiyohiyo. Nadololi hukaa mwilini muda mrefu, humezwa mara moja au mbili kwa siku, lakini haipatikani kila mahali. Propranololi inapatikana na ni ya bei nafuu, ila vidonge vyake vya kawaida huisha mwilini upesi, kwa hiyo hugawanywa mara tatu kwa siku. Dozi huhesabiwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa miaka 13 anakua haraka. Dozi ya mwaka huu itakuwa ndogo mwaka ujao, na hakuna atakayekukumbusha usipomkumbusha daktari mwenyewe apime kilo upya.

Hapa ningependa uketi na binti yako, si wewe peke yako. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 216 wa aina ya kwanza waliokuwa wamepewa beta bloka. Kati yao, 12 moyo ulisimama, na baadhi ya hao 12 wakafa. Watafiti walipochunguza, katika hao 12, 11 walikuwa hawamezi dawa ipasavyo, au wanatumia dawa nyingine inayorefusha QT, au yote mawili. Sijui takwimu nyingine katika kazi yangu inayonibana kama hiyo. Kwa aina hii ya ugonjwa dawa ni nzuri sana, na hatari imejificha kwenye dozi zinazorukwa: mtoto amelala mapema, amekwenda kwa bibi wiki nzima bila vidonge, au ameona aibu kumeza mbele ya wenzake shuleni. Na kuiacha ghafla ni kubaya zaidi ya kutowahi kuianza, maana mwili uliozoea kuzibiwa vipokezi huongeza vingine, na adrenalini ikirudi huvikuta vingi. Weka akiba ya wiki mbili nyumbani. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu kliniki uulize kama arudie.

Propranololi ina kasoro zake. Mikono hupoa, mtoto huchoka mapema, wengine huota ndoto za ajabu. Mwenye pumu asipewe bila daktari kujua, kwa kuwa propranololi huweza kubana njia za hewa. Mtoto asiyekula, kwa ugonjwa au kwa kufunga, anaweza kushukiwa na sukari akiwa kwenye dawa hii bila kuonyesha dalili za kawaida za moyo kwenda mbio. Ramadhani ikikaribia, kabla hajaanza kufunga, zungumzeni na daktari: kugawa dozi tatu kati ya futari na daku si jambo la kujipangia nyumbani.

Sasa turudi kwa shemeji. Amiodaroni hufanya kazi kubwa ya kuziba malango ya potasiamu. Kwa mtu ambaye mapigo yake ya hatari yanatokana na kovu la moyo, au ambaye vyumba vya juu vinatetemeka, kuchelewesha seli kurudi kwenye utulivu huzima mzunguko wa umeme uliopotoka, na hilo humsaidia. Lakini kuchelewesha huko ndiko kurefusha QT. Binti yako tayari amezaliwa na lango la potasiamu lililo dhaifu. Ukimpa dawa inayoziba malango ya potasiamu yaliyobaki unamwongezea ugonjwa alionao.

Ipo dawa inayonitia hofu zaidi ya amiodaroni, kwa sababu jina lake linahadaa. Sotaloli. Jina linaishia kama la propranololi na nadololi, ni beta bloka kweli, na mfamasia mwenye haraka anaweza kusema ni kundi lilelile. Lakini sotaloli pia huziba lango la potasiamu na kurefusha QT. Propranololi ikikosekana dukani, mbadala usiwe sotaloli. Mpigie daktari.

Kwa aina ya tatu ya QT ndefu mambo yanageuka. Lango la potasiamu ni zima; lile la sodiamu ndilo halifungi vizuri, linavuja sodiamu wakati ambapo lilipaswa kuwa limefungwa. Hapo beta bloka bado husaidia, lakini tunaweza kuongeza meksiletini, inayoziba uvujaji huo. Kwa wagonjwa hao QT hufupika kweli kwenye karatasi, tofauti na ilivyo kwa binti yako. Maana yake ni kwamba jibu la jeni si anasa ya kitaaluma. Hubadilisha dawa.

Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana na wa binti yako kwa nje, watoto huanguka wakikimbia au wakigombana, ila ECG ya kitandani ni safi kabisa. Kasoro iko ndani ya seli, kwenye ghala la kalsiamu, mara nyingi kwa sababu ya jeni ya RYR2. Adrenalini ikija, ghala huvuja kalsiamu na mapigo ya ziada huzuka. Asipopimwa akiwa anakimbia, mtoto huyo anarudishwa nyumbani kwa cheti cha afya njema. Yeye naye hupewa beta bloka, na isipotosha tunaongeza flekainidi.

Flekainidi ina historia ambayo kila daktari wa moyo anaijua. Miaka ya 1980 huko Marekani ilitolewa kwa watu waliopata shambulio la moyo na kubaki na mapigo ya ziada, kwa hoja iliyoonekana ya akili: mapigo ya ziada ni dalili mbaya, dawa inayaondoa, basi itawaokoa. Utafiti ulioitwa CAST ukaijaribu hoja hiyo pamoja na dawa ndugu yake enkainidi. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991, waliomeza dawa walikufa 63, waliomeza kidonge kisicho na dawa walikufa 26, na makundi yalikaribia kulingana kwa ukubwa. ECG zao zilikuwa nzuri. Baada ya hapo flekainidi iliogopwa, na haki yake. Kisha mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba inawasaidia wenye ugonjwa wa ghala la kalsiamu. Dawa ni ileile. Moyo ndio tofauti. Ukimpa mwenye ugonjwa wa Brugada, ugonjwa mwingine wa mapigo wa kurithi ambao ndugu wawili madaktari wa jina hilo waliueleza mwaka 1992, flekainidi huufichua ugonjwa kwenye ECG na inaweza kuamsha mapigo ya kifo. Sisi huitumia hospitalini kama kipimo, tukiwa na mashine ya kushtua moyo kando ya kitanda.

Ugonjwa wa Brugada wenyewe ni somo zuri kwa wanaoamini kuwa dawa moja inatosha mapigo yote. Huwapata zaidi wanaume, usingizini au wakati wa homa, na unajulikana sana Kusini-Mashariki mwa Asia. Hapo beta bloka haina kazi, na propranololi imo katika dawa ambazo ni afadhali ziepukwe. Mgonjwa akipata mapigo ya hatari mfululizo, tunampa kwenye mshipa isoprenalini, ambayo huamsha vipokezi vilevile tunavyovizima kwa binti yako. Kidonge kinachowasaidia ni kwinidini.

Hapo Tanga mna undugu nayo. Kwinidini na kwinini hutoka kwenye magome ya mti mmoja, msinkona, nazo zina atomi zilezile zilizopangwa tofauti. Miti hiyo ilipandwa Amani, milimani Usambara Mashariki, katika kituo cha utafiti walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia magome yake yalitengenezewa dawa ya malaria ya askari. Karne moja baadaye, utafiti wa mwaka 2013 uliouliza madaktari wa nchi 131 ulikuta kwinidini ikipatikana kwa urahisi katika nchi 19 tu. Ni dawa ya zamani, faida yake kwa viwanda ni ndogo, na wagonjwa wanaoihitaji ni wachache. Mimi naliona hilo kuwa aibu. Na kabla hujauliza: kwinidini huziba lango la potasiamu, hivyo kwa binti yako ni marufuku.

Kwinini inatuleta kwenye jambo litakalokusumbua zaidi kwa vitendo, malaria. Kwinini hurefusha QT. Klorokwini nayo hurefusha. Dawa mseto tunayoitumia sana, yenye artemetha na lumefantrini, ina onyo kwenye karatasi yake kwa watu waliozaliwa na QT ndefu. Nakuomba usilielewe onyo hilo vibaya. Malaria isiyotibiwa huua, na huua watoto wengi kuliko QT ndefu. Mtoto akipata homa, apimwe mapema, mweleze mhudumu kuhusu moyo wake kabla dawa haijaandikwa, na tiba ifanyike mahali penye ECG. Kuna dawa zisizojulikana kwa kurefusha QT, kama ile ya pamoja ya atovakwoni na proguanili, ingawa bei yake ni kubwa. Na daktari anaweza kuamua kutumia dawa mseto huku akimfuatilia kwa ECG. Kosa ni kumeza kimyakimya kutoka dukani, na kosa la pili, kubwa vilevile, ni kukataa tiba. Chandarua kwake ni sehemu ya matibabu ya moyo.

Nyingine za kuepuka ni za kawaida mno: antibayotiki kama erithromaisini, klarithromaisini na siprofloksasini, flukonazoli ya fangasi, haloperidoli, na dawa za kuzuia kutapika, ondansetroni na domperidoni. Orodha kamili ni ndefu na hubadilika, kwa hiyo kuikariri si lazima. Andika kwenye kadi ngumu: "Nina QT ndefu ya kurithi. Usinipe dawa inayorefusha QT bila kumuuliza daktari wangu wa moyo", pamoja na jina la dawa yake, dozi na namba ya simu ya kliniki. Kadi iwe kwenye mkoba wake wa shule, na picha yake kwenye simu yako. Parasetamoli anaruhusiwa. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu asiviguse.

Kuharisha na kutapika huondoa potasiamu na magnesiamu, na QT hurefuka zaidi potasiamu inapopungua. Anza maji ya chumvichumvi za pakiti mapema, zina potasiamu ndani yake, na kama kuharisha kunaendelea nenda akapimwe damu.

Kuna watakaokuuliza habari za kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Ni kwa waliowahi kusimama moyo, au wanaoendelea kuzimia wakiwa wanameza dawa vizuri. Upo pia upasuaji wa kukata neva za upande wa kushoto zinazopeleka adrenalini moyoni. Mtoto ambaye hajazimia miezi minne akiwa kwenye propranololi hajafika huko, na nisingependa kumwona akiharakishwa. Kwa ushauri wa kibingwa, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na barua ya rufaa kutoka hospitali ya mkoa hurahisisha.

Sasa mdogo wake. Ndiyo, apimwe, tena wiki hii ikiwezekana, na wewe na baba yao pia. Katika aina za kawaida za QT ndefu, mzazi mmoja mwenye jeni humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, bila kujali ni wa kiume au wa kike. Mzazi huyo anaweza kuwa hajawahi kuzimia maishani. Afrika Kusini kuna familia nyingi zenye kasoro ileile ya KCNQ1 iliyotoka kwa wahenga wao wa karne ya 18. Wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na ndani ya familia hizohizo wapo waliokufa utotoni na wapo waliozeeka bila dalili. Kwa hiyo, kutokuumwa kitu hakumwondoi mdogo wake kwenye hatari.

Niambie pia kama katika ukoo kuna mtoto aliyezaliwa kiziwi na anayeangukaanguka. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norwei, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza familia yenye watoto wanne viziwi wenye QT ndefu. Watatu walikufa ghafla. Lango lilelile la potasiamu linahitajika kwenye sikio la ndani, na mtoto aliyerithi jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili hukosa usikivu na hupata aina kali. Wazazi wakiwa na undugu wa damu, kama binamu na binamu, nafasi ya hilo huongezeka. Siulizi ili kumlaumu mtu.

ECG moja safi haitoshi kumwachilia mdogo wake, maana baadhi ya wenye jeni husoma kawaida. Ikipatikana kasoro ya jeni kwa dada yake, yeye atapimwa kasoro hiyohiyo tu, na jibu litakuwa ndiyo au hapana. Sampuli huenda ikahitaji kusafirishwa, kwa hiyo hesabu muda na gharama. Akikutwa nayo, kwa umri wake kwa kawaida tutamwanzishia beta bloka hata bila dalili, kwa sababu katika ugonjwa huu dalili ya kwanza inaweza kuwa ya mwisho.

Wakati mnasubiri, wote wawili wasiingie baharini. Walimu wao waambiwe, kwa maandishi. Mmoja wao akianguka na haitiki wala hapumui kama kawaida, asitiwe kijiko mdomoni wala asishikiliwe miguu: mmoja apige simu ya msaada, mwingine aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, asiache hadi mtoto aamke au msaada ufike. Watu wazima wawili hapo nyumbani wajifunze hilo kabla ya mwezi kuisha. Waulizeni Msalaba Mwekundu au wauguzi wa hospitali ya mkoa. Majibu ya ECG ya mdogo wake yakitoka, nitumie picha yake pamoja na ile ya dada yake, na namba ya QTc iliyoandikwa pembeni.